Simu Yake Ilikuwa Inazima Kila Usiku

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Kwa miezi miwili mfululizo nililala nikimsikiliza yule dada wa mtandao akinijulisha kuwa namba ninayopiga haipatikani. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Bukoba kikazi, kapanga chumba na sebule Miembeni, mimi nimebaki Dar na watoto. Mchana tunaongea vizuri, tena kwa utani. Ikifika saa mbili usiku, kimya. Asubuhi ananiambia, "Simu iliisha chaji, mke wangu." Kila siku? Hata wewe usingekubali.

Shoga zangu walishatoa hukumu: huko kuna mtu. Na mimi, msomi mzima wa mawasiliano, nikaipokea. Mbaya zaidi nikampigia mama mkwe Kamachumu, nikamwambia mwanao ana nyumba ndogo. Halafu nikapanda basi bila kumtaarifu mtu.

Nilichofumania Miembeni ni waya. Chumba kina soketi moja tu, iko nyuma ya kabati, na kitanda kiko upande wa pili, chini ya dirisha. Bwana yule kanunua waya wa mita 3, mweupe, mwembamba kama kamba ya kiatu, ili aweze kujilaza huku anaperuzi. Jioni akitoka kazini Muleba simu inazima kabla hajafika Kemondo. Akiichomeka nyumbani inaonyesha alama ya betri tu, haiwaki karibu saa nzima, naye usingizi unampitia. Asubuhi anaondoka na asilimia hamsini na kitu. Kesho yake vilevile.

"Kwani waya si waya tu?" akaniuliza. Nilikosa jibu, na nilikuwa nimekuja na maneno mengi kweli!

Tukaenda kwa kijana mmoja fundi simu, mtaa huohuo. Ana kidude kidogo cha kupimia umeme, anakichomeka kati ya kichwa cha chaja na waya. Waya wetu wa mita 3 ukapitisha ampea 0.45. Akachukua wa kwake, mnene, wa mita 1, chaja ileile, simu ileile: ampea 1.7. "Dada, huo wenu ni mrefu halafu shaba yake ni uzi," akasema, akaendelea na kazi zake.

Nikapiga hesabu. Betri ya mAh 5,000 kwa ule waya wetu ingetaka kama saa kumi na moja kujaa, tena bila kuguswa. Sababu ni hii. Chaja ya kawaida inatoa volti 5, na shaba yoyote inaukwamisha umeme kidogo. Kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba, ndivyo volti zinavyopotea njiani. Kwa nyuzi nyembamba zinazowekwa kwenye nyaya nyingi za bei poa, ukitaka kuvuta ampea 1 tu kwa mita 3, kwenda na kurudi unapoteza zaidi ya volti 1. Simu ikiona volti zinashuka, inapunguza yenyewe inachovuta. Haijaharibika, inajihami.

Dawa haikuwa kuhamisha kitanda. Tulinunua ekstensheni. Upande wa ukutani kuna volti 230, umeme unaopita humo kwa ajili ya simu ni mdogo sana, hivyo mita 3 za ekstensheni hazipunguzi chochote cha maana. Refusha upande wa ukuta, fupisha upande wa simu.

Unakumbuka enzi za Nokia? Ilikuwa unauliza tu, "Pini nene au nyembamba?", na ukikosa kabisa, unachomoa betri unaibana kwenye chaja ya kobe. Ikaja maikro, kisha Type-C ya mwaka 2014, inayoingia upande wowote. Hata iPhone ilihamia huko mwaka 2023 na toleo la 15, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima ziwe na tundu hilo. Sasa sote tunaazimana nyaya, na hapo ndipo tunapoingizwa mjini, kwa sababu tundu kufanana hakumaanishi uwezo kufanana. Waya wa Type-C kwa Type-C unabeba ampea 3. Wa ampea 5, ule wa kompyuta kubwa, una chipu ndani yake. Nyingine zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina zile za kupeleka taarifa, kwa hiyo picha hazihami na baadhi ya chaja za haraka zinageuka kuwa za kawaida.

Kilichobaki kilikuwa Kamachumu. Jumamosi tukaenda. Nilipiga magoti kusalimia, na sikuinuka haraka. Mama akaleta kahawa za kutafuna, akanisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Kisha akatoa tochi aliyonunuliwa na mwanawe. "Na hii haiingii chaji. Nayo ina nyumba ndogo?"

Ilikuwa na tundu la Type-C, na alikuwa akitumia chaja ya kisasa yenye Type-C huku na huku. Chaja hiyo haitoi umeme mpaka ipate ishara kutoka kwenye kifaa, na vifaa vya bei rahisi mara nyingi vinatengenezwa bila kile kipande cha kutoa ishara. Nikachukua chaja ya zamani ya kichwa bapa, ambayo hutoa umeme bila kuuliza. Taa nyekundu ikawaka.

Mama akaitazama tochi, akanitazama mimi. "Na wewe ukasema ni mwanamke," akasema, akaenda kuinjika chai.