Jino la utotoni lina kazi: afya ya kinywa, chakula na ukuaji wa watoto wa chekechea

Saa nne asubuhi kengele ya mapumziko inapolia, watoto wengi wa chekechea katika kaunti yetu ya Kilifi hukimbilia langoni. Hapo nje kuna mabuyu mekundu, barafu za rangi, biskuti na peremende za shilingi tano. Mtoto aliyetoka nyumbani na kikombe cha chai ya sukari na andazi moja sasa anaongeza sukari nyingine. Akirejea nyumbani mchana, ugali na mboga anavigusa tu na kuviacha. Baada ya miezi kadhaa anaanza kulia usiku akishika shavu, na mzazi anajifariji kwamba hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe.

Ni kweli yatang'oka. Lakini kabla ya kung'oka yana kazi kubwa, na yakioza mapema mwili mzima wa mtoto huathirika.

Kilifi ina sababu ya kulitilia maanani jambo hili. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 37 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano katika kaunti hii wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kiwango cha taifa zima kilikuwa 18 kati ya 100. Udumavu una sababu nyingi: ukame, uhaba wa chakula, kuhara kwa mara kwa mara, minyoo, malaria na hali ya lishe ya mama wakati wa ujauzito. Meno mabovu peke yake hayaelezi takwimu hizo. Hata hivyo, mtoto ambaye tayari hapati chakula cha kutosha huumia zaidi anaposhindwa kutafuna hicho kidogo kilichopo.

Kazi ya meno 20

Mtoto huanza kuota meno akiwa na umri wa karibu miezi sita, na anapofikia miaka mitatu huwa na meno yote 20 ya utotoni. Meno ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita hivi, lakini magego ya utotoni hubaki hadi miaka 10 au hata 12. Hii ina maana kwamba gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka minne linatakiwa limtumikie kwa miaka sita mingine au zaidi.

Meno hayo humsaidia kutafuna na kutamka maneno vizuri. Vilevile huyashikia nafasi meno ya ukubwani yanayosubiri chini ya ufizi. Jino likitoka kabla ya wakati wake, ya jirani huinama kuelekea pengo, na jino jipya huota upande. Usaha ukikaa kwenye mzizi wa jino la utotoni unaweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hulikosa: mtoto anapofika miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utotoni na kuliacha lioze. Hilo likipotea, halioti jingine.

Jino huozaje?

Kinywani mna bakteria wanaoishi kwenye utando laini unaoganda juu ya meno. Mtoto anapokula kitu chenye sukari, bakteria hao huitumia na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Mate huisafisha asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa hivi au zaidi.

Ndiyo maana idadi ya mara ambazo mtoto anakula sukari kwa siku ina uzito mkubwa, hata kama kila mara ni kidogo. Mabuyu ya shilingi tano yanayomumunywa moja baada ya jingine kwa saa nzima hayawapi mate nafasi ya kufanya kazi yao. Soda inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni vivyo hivyo. Hatari huzidi usiku, kwa sababu mate hupungua mtoto anapolala. Mtoto anayelazwa na chupa ya chai, juisi au maziwa yenye sukari mdomoni hulala na meno yake yakiwa ndani ya sukari hadi alfajiri.

Kutoka kinywani hadi kwenye mizani

Meno na ukuaji vinahusiana kwa njia tatu.

Ya kwanza ni maumivu. Mtoto mwenye jino bovu huchagua vyakula laini na vitamu, huku akikwepa vinavyohitaji kutafunwa kama nyama, samaki, mihogo na matunda. Halali vizuri, na usingizi ni sehemu ya ukuaji. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kueleza kwamba jino linamuuma; utamwona tu akila polepole, akitafuna upande mmoja, akikataa kitu baridi au akiwa mkali bila sababu.

Ya pili ni nafasi tumboni. Tumbo la mtoto ni dogo. Chai ya sukari na biskuti humshibisha kwa muda, lakini hazina protini, madini ya chuma wala zinki za kutosha kujenga misuli, damu na mifupa. Kikombe kilekile kinachoozesha jino ndicho kinachochukua nafasi ya chakula cha kumkuza.

Ya tatu inaanzia upande wa pili. Mtoto aliyekosa lishe bora katika miaka ya mwanzo anaweza kuchelewa kuota meno, au akaota meno yenye gamba dhaifu linalooza upesi. Kwa hiyo lishe duni hudhoofisha meno, na meno mabovu nayo huizidisha lishe duni.

Chakula tulichonacho

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mwili hupata kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia tano. Kwa mtoto mdogo, vijiko vichache vya chai tayari vimefika hapo.

Habari njema ni kwamba vyakula vinavyofaa si vigeni kwetu. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akila vyakula vingine. Uji wa mahindi, mtama au wimbi unaweza kuongezwa maziwa, tui la nazi, njugu au korosho zilizosagwa, badala ya sukari. Njugu nzima asipewe mtoto mdogo kwa sababu zinaweza kumkaba. Ugali au wali uambatane na kunde, mbaazi, mchicha, mtsunga, dagaa au yai. Embe, papai na ndizi aliwe navyo kama tunda, si juisi. Kiu ikatwe kwa maji safi.

Hatusemi mtoto asionje mabuyu kamwe. Ayapate mara mojamoja, ayale pamoja na mlo na kuyamaliza, kisha anywe maji.

Kusugua na kukagua

Anza kusugua meno ya mtoto jino la kwanza linapotokeza. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku. Ya usiku ni muhimu zaidi, na baada yake mtoto asile wala kunywa kitu isipokuwa maji. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, iwe kiasi cha punje ya mbaazi. Mfundishe kutema.

Mtoto wa chekechea hawezi kusugua vizuri peke yake. Mzazi au mlezi amsugue au amalizie hadi afikishe miaka saba au minane. Kila mtoto awe na mswaki wake.

Mara moja kwa mwezi, mkalishe mahali penye mwanga, umwinue mdomo wa juu na kuangalia meno ya mbele karibu na ufizi, kisha magego. Ukiona madoa meupe kama chaki, huo ndio mwanzo wa kuoza, na jino linaweza kupona kwa kupunguza sukari na kutumia floraidi. Doa la kahawia au tundu linahitaji mtaalamu wa meno. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kuziba tundu dogo ni rahisi kuliko kutibu jipu.

Shavu likivimba, ufizi ukitoa usaha, au mtoto akipata homa pamoja na maumivu ya jino, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Usimtie kemikali yoyote ndani ya tundu. Vilevile, mtoto mchanga anayehara au kuwa na homa asikatwe ufizi kuondolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Kinachotolewa huwa ni chipukizi la jino lake halisi, na jeraha hilo linaweza kumletea maambukizi ya kutisha.

Nyumbani, shuleni na kliniki

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vituo vya afya vya kaunti viko mikononi mwa serikali ya kaunti. Hivyo mtoto huyu mmoja anahudumiwa na idara zetu mbili, na mzazi ndiye kiungo kati yao.

Endelea kumpeleka kliniki apimwe uzito na urefu hadi afikishe miaka mitano, hata kama chanjo zimekwisha, na ubebe kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Huko hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Mwombe mhudumu amwangalie na kinywa, na uliza ni hospitali gani ya karibu yenye mtaalamu wa meno. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukuelekeza.

Katika mkutano ujao wa wazazi, jadilianeni na walimu mambo mawili: uji wa shule uwekwe sukari kiasi gani, na ni nini kinachouzwa langoni saa nne. Muuza mabuyu anaweza kuuza pia ndizi na vipande vya embe, mradi wazazi wakubaliane kuwapa watoto pesa za kununua hivyo.