Biashara ya Picha za Virunga

Miongoni mwa bidhaa zitokazo Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, ambako kahawa hutoka Beni na Butembo, jibini hutoka Masisi na koltani huchimbwa Rubaya, ipo moja isiyopita forodhani wala kupimwa kwa mizani, nayo ni taswira ya Nyiragongo uwakapo usiku, mlima wa mita 3,470 ambao ziwa lake la moto limewavuta wapiga picha wa mataifa mengi hadi mjini Goma.

Rasilimali ya kwanza ya biashara hii ni kibali, na ya pili ni mabega ya watu. Kabla Hifadhi ya Virunga, ulimo mlima huo, haijafunga milango kwa wageni Machi 2020 kwa sababu ya korona, mgeni alilipa dola 300 kupanda Nyiragongo na dola 400 kuwazuru gorila wa milimani, ilhali ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kibali cha gorila kilikuwa dola 1,500 tangu 2017. Safari ilianzia Kibati, askari wa hifadhi wakitangulia na silaha zao, wapagazi wakifuata na maji, makaa, chakula na vyombo vya kamera. Na huko juu ukingoni, penye baridi inayomaliza betri upesi, mpiga picha alikesha akingoja ukungu upishe, apate kuiacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Hivyo picha moja, kabla haijauzwa, ilikuwa imekwisha kuwapa riziki mpagazi, mpishi, dereva na mwenye nyumba ya wageni.

Lakini haki ya kuiuza tena na tena, kwa majarida, kalenda na makampuni ya safari, ilibaki kwa aliyebonyeza kamera, ambaye aghalabu alikwisha kurejea kwao. Na hapa ndipo, kwa rai yangu, Goma ilipopata hasara kubwa kuliko ile iliyoletwa na milipuko ya volkano ya 1977, 2002 na 2021.

Maana ujio wa mgeni hauna dhamana. Mei 2018, askari wa hifadhi Rachel Masika Baraka alipouawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa, utalii ulisitishwa hadi Februari 2019. Na Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Mpiga picha wa Goma, anayeishi kwa arusi na ubatizo, ndiye aliyebaki akiutazama mlima kila alfajiri.

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, wapiga picha wakiwamo. Basi vijana wenye kamera wahifadhi nakala za asili, waandike majina yao na tarehe, wala wasimkabidhi mtu picha bila mkataba. Na mnunuzi, awe Nairobi, Kinshasa au Brussels, aulize kwanza kama mpiga picha wa Goma anayo picha anayoitafuta.