Kahawa Baridi ya Viungo: Mkulima, Onja Zao Lako

Ndugu mkulima, ukipanda mahindi unayala, na ukifuga ng'ombe unakunywa maziwa yake. Je, kahawa yako unainywa? Wakulima wengi hupalilia mibuni mwaka mzima, huchuma matunda, huyapeleka kiwandani, kisha hurudi nyumbani wakapika chai. Hivyo mtu aweza kulima kahawa miaka thelathini asijue ladha ya zao lake mwenyewe.

Mwezi huu twataka ujifunze kutoka kwa watu wa Mombasa. Kisiwani kwao kahawa hailimwi, kwa maana nchi ni ya joto na iko usawa wa bahari, lakini kuinywa wanajua sana. Kahawa ya mashamba yetu hushuka bara mpaka pwani na kupakiwa melini katika bandari ya Kilindini, upande mmoja wa kisiwa. Upande wa pili, katika Mji wa Kale, watu huketi barazani na vikombe mkononi.

KAHAWA YA MJI WA KALE

Desturi hii ilitoka ng'ambo ya bahari. Huko Yemeni, katika karne ya 15, masufi walikunywa kahawa ili wasisinzie katika ibada za usiku. Majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi na kurudi na kusi yaliunganisha Uarabuni na pwani yetu, na kahawa ikawa kinywaji cha mji.

Ukitembea jioni karibu na Ngome ya Yesu, ile iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, waweza kumwona muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa. Vikombe vyake ni vidogo, havina mkono, naye huvigonganisha ili wateja wasikie kuwa amefika. Kahawa yenyewe haina sukari wala maziwa. Ina tangawizi, mara nyingine iliki, na wenyewe huiita kahawa tungu, yaani chungu. Utamu wake hutoka kando: kipande cha halua, tende au kashata.

Wao huinywa moto. Sisi hapa tutachukua kahawa hiyo na viungo vyake, tuipoze na kuitia barafu, nayo ifae mchana wa jua kali.

KUPATA KAHAWA

Waweza kununua dukani kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Ukitaka kutumia ya shamba lako, kwanza uliza katika chama chako cha ushirika au kwa Afisa wa Kilimo ni utaratibu gani unaofuatwa. Ukisha kuruhusiwa, fanya hivi:

1. Twanga buni kavu polepole katika kinu hadi maganda yatoke, kisha pepeta kwa ungo. Ondoa mbegu nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika.

2. Weka kikaango kizito juu ya moto wa wastani, nje ya nyumba, kwa sababu moshi ni mwingi. Tia mbegu zisizozidi tabaka mbili na ukoroge bila kuacha.

3. Mbegu zitageuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha hudhurungi. Baada ya muda utasikia zikipasuka kama bisi. Milio ikipungua, ngoja dakika moja au mbili, kisha epua. Usizichome zikawa nyeusi, kwa kuwa hapo utakunywa ladha ya mkaa wala si ya kahawa.

4. Zimwage mara moja juu ya ungo na uzipepee zipoe upesi. Zikikaa kikaangoni zitaendelea kuiva.

5. Ziache siku moja kabla ya kusaga au kutwanga. Saga zile utakazotumia tu, maana kahawa iliyosagwa hupoteza harufu haraka.

Usishangae uzito ukipungua. Kilo moja ya buni ikikaangwa haifiki tena kilo, kwa sababu maji yaliyokuwamo yametoka.

KUPIKA KAHAWA YA MSINGI

Chukua vikombe 4 vya maji, vijiko 10 vya chakula vya kahawa, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, na punje 4 za iliki. Ponda tangawizi na iliki, zichemshe katika maji kwa dakika tano, kisha epua sufuria. Tia kahawa, koroga, funika na ungoje dakika tano. Chuja kwa chujio, halafu mara ya pili kwa kitambaa safi. Utapata vikombe vitatu na zaidi kidogo.

Kahawa hii ni nzito kuliko ile ya kunywa moto, na ndivyo inavyotakiwa. Barafu ikiyeyuka huongeza maji, na kahawa nyepesi itakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Kama wapenda sukari, itie kahawa ingali moto. Sukari haiyeyuki vizuri katika kinywaji baridi; hukaa chini ya gilasi. Tena ulimi hausikii utamu sana katika kitu cha baridi, kwa hiyo onja tena ikisha kupoa.

VINYWAJI VINNE VYA KUANZIA

Ya tangawizi. Jaza gilasi nusu kwa barafu, mimina kahawa ya msingi, na uinywe pamoja na tende mbili au kashata. Hii ndiyo iliyo karibu na ya Mji wa Kale.

Ya maziwa na mdalasini. Chemsha kikombe kimoja cha maziwa na kijiti cha mdalasini, kisha yapoze. Changanya na kiasi hicho hicho cha kahawa baridi, utie barafu. Wale wenye ng'ombe wa maziwa huko Kinangop hawana haja ya kununua kitu zaidi ya viungo.

Ya tende. Loweka tende 6 zilizotolewa kokwa katika maji moto kidogo hadi zilainike. Ziponde, zichuje, na uchanganye na vikombe viwili vya kahawa. Hapa sukari haihitajiki.

Ya tui la nazi. Kwa wakulima wa pwani, kuna nazi mzizima. Kuna nazi, kamua tui zito, chuja, na utie robo kikombe katika gilasi ya kahawa baridi. Tui huchacha upesi, basi kamua la kutumia siku hiyo hiyo.

Usitie ndimu katika kahawa ya maziwa, maziwa yatakatika.

MAJI NA BARAFU

Hapa, ndugu mkulima, sikiliza sana. Watu wengine hudhani baridi huua vijidudu. Sivyo. Vijidudu vingi vya kuhara hulala tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka huamka. Barafu ya maji machafu ni sawa na maji machafu. Kinywaji kizuri cha namna hii chaweza kuleta kipindupindu nyumbani.

Kwa hiyo maji ya kufanyia barafu yachemshwe kwanza, nayo yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Ikiwa shamba lako liko juu zaidi ya mita 2,000, ngoja dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Maziwa mabichi pia yachemshwe. Usinunue barafu ambayo hujui maji yake yalitoka wapi.

Kama huna friji, tia kahawa iliyochujwa katika chupa safi, uifunge vizuri, uifunike kwa kitambaa kilicholowa na uiweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka kitambaani huondoa joto, kama mtungi wa udongo unavyofanya. Njia hii hufaa zaidi bara penye hewa kavu. Mombasa hewa ina unyevu na kitambaa hakikauki upesi, kwa hiyo huko utahitaji barafu.

Kahawa tupu ikikaa katika friji inywewe ndani ya siku mbili. Ikiwa imetiwa maziwa au tui, imalizwe siku hiyo. Watoto wadogo wasipewe, na mama mjamzito anywe kidogo tu.

ULIMI WAKO UTAKUAMBIA NINI

Waonjaji wa kahawa, ambao maneno yao huongoza bei, hawaonji mara moja tu. Huonja ikiwa moto, kisha huonja tena inapopoa, kwa kuwa moto huficha makosa mengi. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kutia viungo, pika kikombe kimoja cha kahawa tupu ya shamba lako, uiache ipoe, uionje polepole.

Ikiwa na ladha ya majani mabichi, huenda ulichuma matunda ambayo hayajawa mekundu. Ikiwa na uchachu wa pombe, labda matunda yalikaa katika gunia usiku kucha kabla ya kumenywa, au mbegu zilikaa mno katika tangi. Ikiwa na harufu ya ukungu, angalia namna unavyoanika na mahali unapoweka buni. Haya yote yaweza kutengenezwa kabla ya mavuno yajayo.

Zamani Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa. Ruhusa ilianza kidogo kidogo katika miaka ya 1930, katika sehemu za Kisii, Meru na Embu, na kilimo hicho kilienea baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Zao hili lilipatikana kwa taabu, nalo halistahili kutoka shambani bila mwenyewe kulijua.

Basi Jumapili hii weka sufuria motoni. Onja kwanza tupu, ikiwa imepoa, uandike ulichokisikia ulimini. Kisha tia tangawizi na barafu, uwaite majirani.