Kuganda kwa Damu ya Mtoto Mchanga: Neno Moja, Vipimo Mbalimbali

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kukoma rasmi Juni 25, 2020 uliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo. Mji wa Beni, pamoja na komini yake ya Mulekera, ulikuwa miongoni mwa mahali palipoathirika sana. Katika mazingira kama hayo, mtoto mchanga anayetokwa na damu huweza kuogopwa kabla ya kupimwa. Hata hivyo, Ebola huthibitishwa kwa kupima virusi, si kwa kuiona damu. Na damu ya kichanga ina sababu zake nyingine.

Tatizo mojawapo limo katika usemi «damu haigandi», kwani kuganda kuna hatua mbili. Kwanza, chembe sahani hukusanyika penye jeraha na kuliziba. Pili, protini zinazotengenezwa na ini husababisha nyuzi kufumwa ili kulikaza zibo hilo. Nne kati ya protini hizo huhitaji vitamini K. Herufi hiyo yatokana na neno la Kijerumani «Koagulation», yaani kuganda. Mgunduzi wa vitamini hiyo, Henrik Dam wa Denmark, alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

Mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini K, na maziwa ya mama hayana nyingi. Kwa hiyo huweza kutokwa na damu kitovuni au chooni, hasa kati ya siku ya 2 na ya 7. Baada ya majuma kadhaa, damu huweza kuvuja hata ubongoni.

Vipimo navyo hufuata hatua hizo. Chembe sahani huhesabiwa; kisha hupimwa muda ambao plazima huchukua kuganda. Chembe zikiwa za kutosha na muda ukiwa mrefu, upungufu wa vitamini K hushukiwa. Muda ukipungua saa chache baada ya sindano, shaka huondoka. Aidha, kipimo cha Leonard Apt cha mwaka 1955 hutambua damu ya mama iliyomezwa na mtoto: ikitiwa soda kali hugeuka kahawia, hali ya mtoto hubaki na rangi ya waridi.

Pasipo maabara, matibabu hayangoji majibu. Bora zaidi ni kinga: miligramu 1 ya vitamini K, kwa sindano ya pajani, baada ya kuzaliwa. Mzazi aambiwapo «amepungukiwa vitamini K», badala ya «damu haigandi», hupewa jina la ugonjwa pamoja na dawa yake.