Dakta Seaborg: Mtaalamu wa Kemia Aliyekabidhiwa Chuo Kikuu

Glenn Seaborg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1912 katika mji mdogo wa Ishpeming, penye machimbo ya chuma, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa mashine. Mama yake alizaliwa Sweden, na lugha ya kwanza ya mtoto nyumbani ilikuwa Kiswidi. Kiingereza alikipata baadaye. Alipokuwa na umri wa miaka 10 jamaa hiyo ilihamia California, kwa kutumaini kwamba watoto wangepata nafasi bora zaidi huko.

Mama yake alitaka ajifunze kazi ya kuandika hesabu za biashara. Glenn mwenyewe hakuwa na hamu ya sayansi mpaka miaka miwili ya mwisho ya shule ya sekondari, alipofundishwa kemia na fizikia na mwalimu Dwight Reid. Mwalimu huyo aliipenda elimu yake kwa moyo wote, na mapenzi hayo yakamwingia mwanafunzi. Fedha za masomo zilikuwa chache, basi kijana alifanya kazi ya kupakia na kupakua shehena bandarini, na tena katika maabara ya kiwanda cha matairi. Mwaka 1934 alipata shahada ya kwanza mjini Los Angeles, na mwaka 1937 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley.

Kemia ni elimu ichunguzayo vitu vimefanyika kwa nini, na jinsi vinavyoungana na kutengana. Vitu vya asili visivyoweza kugawanywa kwa kemia kuwa vitu vingine, kama chuma, shaba na dhahabu, huitwa elementi. Kwa karne nyingi wataalamu walizitafuta elementi ardhini, majini na hewani. Dakta Seaborg na wenzake walifanya jambo jingine: walitengeneza zile ambazo ni shida kabisa kuzipata ardhini.

Mwanzo wa kazi yake ulileta faida kwa wagonjwa. Yeye na mwenzake John Livingood walipata iodini 131 na kobalti 60, vitu vinavyotoa mionzi. Ya kwanza hutibu maradhi ya tezi la shingo, na mama yake Seaborg mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotibiwa nayo. Ya pili imetumika kutibu saratani katika nchi nyingi, hata katika hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam.

Lakini moto upikao chakula ndio uchomao nyumba. Mwezi wa Februari 1941 Seaborg na wenzake walithibitisha kwamba wamepata elementi mpya, plutoniamu, iliyotokana na uraniamu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1942 aliitwa Chicago kuongoza kazi ya kuisafisha plutoniamu kwa kemia, na njia zake zikatumiwa katika viwanda vikubwa vya Hanford. Mwezi wa Juni 1945 wataalamu 7, yeye akiwa mmoja wao, walitia sahihi barua kwa Serikali yao. Walishauri kwamba nguvu ya bomu ionyeshwe kwanza jangwani au kisiwani pasipo watu, mbele ya wajumbe wa mataifa. Shauri hilo halikufuatwa. Tarehe 9 Agosti bomu la plutoniamu lilitupwa juu ya mji wa Nagasaki nchini Japani, na makumi ya maelfu ya watu wakafa.

Mwaka 1951 Dakta Seaborg na Dakta Edwin McMillan walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1958 Seaborg alichaguliwa kuwa Mkuu wa Chuo cha Berkeley. Mtu aliyezoea kupima vitu visivyoonekana kwa macho sasa alipaswa kuwapima walimu, kugawanya fedha na kusikiliza maelfu ya wanafunzi. Wakati huo huo aliongoza baraza lililotengeneza masomo mapya ya kemia kwa shule za sekondari. Mwaka 1960 kamati aliyoiongoza iliishauri Serikali ya Marekani kwamba utafiti na ufundishaji wa wanafunzi wa shahada za juu visitenganishwe, kwa kuwa mtafiti asiyefundisha hawaachi warithi wa elimu yake.

Mapema mwaka 1961 Rais Kennedy alimwita aiongoze Tume ya Nguvu za Atomiki, akaishika kazi hiyo mpaka mwaka 1971. Mwezi wa Agosti 1963 alikuwamo katika ujumbe uliokwenda Moscow, ambako Marekani, Uingereza na Urusi zilitia sahihi mkataba wa kuacha kujaribu mabomu hayo hewani, majini na katika anga za juu. Majaribio ya chini ya ardhi hayakukatazwa. Hata hivyo vumbi la sumu lililokuwa likiangukia mashamba na malisho ya nchi nyingi lilipungua sana.

Baada ya hapo alirudi Berkeley kufundisha. Mwaka 1997 elementi ya 106 ilipewa rasmi jina la siborgiamu kwa heshima yake, naye yu hai bado. Alifariki tarehe 25 Februari 1999, akiwa na umri wa miaka 86.

Mtaalamu akiisha kugundua jambo, jambo hilo huenda mikononi mwa watu wengine, wawe matabibu au majemadari. Dakta Seaborg hakuweza kuirudisha plutoniamu ilikotoka. Aliloliweza ni kutoka katika maabara yake na kuketi mahali ambapo matumizi yake huamuliwa, na kuwafundisha vijana ambao siku moja wangeketi hapo baada yake.