Nani analipa OCC pale Kasindi?

Wenzangu wa Butembo na Beni, wengi wetu tunazani kama OCC imeshapitisha kartoni ya sardini, basi ni salama. Ngoja tuangalie namna kazi yenyewe inatembea.

OCC, ofisi ya Leta ya kupima mali, ilianzishwa 1974. Mwenye kuingiza mali analipia kipimo, na malipo yanahesabiwa kufuatana na bei ya mali ile. Kwa hiyo mfanyabiashara mkubwa mwenye kamyo nyingi njo analisha ofisi inayopaswa kumukatalia! Mama anayeuza mafuta kwa chupa pale sokoni hana uzito kama huo.

Uzito wa wakubwa si wa leo. Wakati wa vita, wafanyabiashara wa Butembo walikopesha waasi wa RCD/K-ML pesa mbele, kisha wakapunguziwa kodi za mali inayopita Kasindi. Ile ilikuwa mambo ya duane, si ya chakula, lakini mpaka ni ule ule.

Na sumu haionekane kwa macho. Aflatoksini inatoka kwa ukungu wa mahindi na karanga, inaharibu ini, na kupika hakuitoshe. Machi 2021 Kenya ilifunga mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu yake. Siku chache tu, ikafungua tena kwa masharti. Biashara ilipiga kelele, wajirani pia.

Mimi naona OCC ilipwe na bajeti ya Leta, na matokeo ya laboratwari yabandikwe Kasindi, kwa Kifaransa na Kiswahili, kila mtu asome.