Antena ya Zamani Bado Yafaa

Mwaka 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa Nairobi, nilikuwa nikiishi Umoja. Duka moja liliniuzia king'amuzi, kisha likanishikilia ninunue na "antena ya dijitali". Nikalipa. Jirani yangu alinunua king'amuzi peke yake, akachomeka waya wa antena yake ya siku zote, na picha ikawa safi kuliko yangu. Nikajiuliza: antena huijuaje dijitali?

Haijui. Inachojua ni urefu wa wimbi, basi. Tazama zile zilizojaa kwenye mapaa ya Jericho, Buruburu na Kariobangi, mithili ya miiba ya samaki. Waya hufungwa kwenye kijiti kimoja tu, chenye urefu wa karibu nusu ya wimbi. Kijiti kirefu cha nyuma huyarudisha mawimbi mbele, na vile vifupi vya mbele huyakusanya. Ndiyo maana ni lazima ielekezwe. Nyingi za Eastlands ziligeuzwa kaskazini-magharibi, kwenye mitambo ya Limuru.

Waliobuni umbo hilo ni Wajapani wawili, Shintaro Uda na mkuu wake Hidetsugu Yagi, mwaka 1926. Kwao halikuthaminiwa. Inasimuliwa kwamba Japani ilipoiteka Singapore mwaka 1942, wanajeshi wake waliona neno "Yagi" katika maandishi ya Waingereza kuhusu rada, wakalazimika kumwuliza mfungwa maana yake. Akawaambia ni jina la Mjapani mwenzao!

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, kwa mawimbi ya VHF, na vijiti vya antena vilikuwa virefu. KTN ilipokuja mwaka 1990 ilitumia chaneli 62 ya UHF. Wimbi lake lilikuwa na urefu wa sentimita 37 hivi, kwa hiyo kijiti kilitaka urefu usiofika hata shubiri. Antena za zamani hazikulishika vizuri. Wenye uwezo wakanunua ya pili, wengine wakatundika vifuniko vya sufuria. Watu walicheka, lakini kifuniko ni aluminiamu kama aluminiamu nyingine.

Sasa, dijitali ya Kenya hurushwa kwa UHF hiyohiyo. Kilichobadilika ni namna picha inavyofungashwa ndani ya wimbi, na kuifungua ni kazi ya king'amuzi. Mwenye antena ya vijiti vifupi hana haja ya nyingine. Mwenye vile virefu pekee ndiye atakayehangaika.

Tofauti moja utaiona. Zamani wimbi likidhoofika zilikuja chenga, ukaendelea kutazama mpira hivyohivyo. Siku hizi picha huganda, kisha hutoweka kabisa. Ikikutokea, kabla ya kwenda dukani panda juu ukaangalie kama antena imegeuzwa na upepo, au waya umeoza kwenye kiungo. Huku kwetu Pwani anza na kiungo, maana chumvi ya bahari haikiachi.